Sadaka: Jibu kwa Mungu Aliyetoa Kwanza

SABATO MCHANA

Mafungu ya kusoma juma hili: Zaburi 96:7–9, Kumbukumbu la Torati 26:1–15, 1 Mambo ya Nyakati 29:9–16, Zaburi 50:7–15, Malaki 3:6–12, Matendo 8:14–24, Mambo ya Walawi 5:5–13, Marko 12:38–44, 2 Wakorintho 8:1–21.

Fungu la kukariri: 2 Wakorintho 8:12. Lisome katika Biblia yako na kulikariri kama lilivyoandikwa humo.

Katika makanisa mengi, wakati wa kukusanya sadaka umegeuka kuwa wakati wa kupumzika. Wimbo unaimbwa, jirani anamnong'oneza jirani, mtoto anatumwa nje, na mwingine anapekua mkoba akitafuta noti iliyo ndogo kuliko zote. Kisha vyombo vinapelekwa mbele, ombi fupi linatolewa, na wengi wanajiweka sawa vitini kana kwamba sasa ndipo ibada inaendelea.

Mtunga zaburi haoni hivyo. Katika Zaburi 96:7–9 anaziita jamaa za mataifa zimpe Bwana utukufu, zichukue sadaka, ziingie katika nyua zake na kumsujudia. Sadaka imewekwa katikati ya utukufu na kusujudu. Haikatizi ibada, maana yenyewe ni ibada.

Mifano ya juma hili inatoka Rwamishenye, katika Manispaa ya Bukoba, na katika vijiji vya Bukoba na Muleba mkoani Kagera. Historia imewafundisha watu wa huko njia nyingi ambazo mali hutoka mkononi mwa mtu. Kuna kahawa ya kutafuna anayokaribishwa nayo mgeni. Kuna kodi iliyolipwa kwa mwenye ardhi. Kuna mavuno yaliyouzwa yakiwa bado maua. Kuna mchango wa maafa. Kwa nje zote zinafanana: mkono unafunguka, kitu kinatoka. Lakini moyo ulio nyuma ya mkono si mmoja.

Swali la juma hili ni hili: tunapomtolea Mungu, tunatoa kwa moyo wa namna gani?

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Yeye Alitoa Kwanza

Soma Kumbukumbu la Torati 26:1–11. Mwisraeli aliyeleta kikapu cha malimbuko alitakiwa kusema nini kabla ya kukiacha mbele za Bwana?

Tunaweza kutazamia kwamba angeeleza kilichomo kikapuni: shamba lake, jasho lake, ukubwa wa mavuno yake. Lakini Musa anamfundisha kusimulia habari nyingine. Anaanza na babu aliyekuwa mtu wa kutangatanga, aliyeshuka Misri na watu wachache. Anaeleza utumwa, kilio, mkono wa Mungu uliowatoa, na nchi waliyopewa. Baada ya hayo yote, ndipo anapofika kwenye kikapu chake. Sadaka yake ni sentensi ya mwisho katika hadithi ambayo Mungu ndiye aliyeianza.

Katika Buhaya, mgeni akifika nyumbani huletewa kahawa ya kutafuna. Haulizwi kwanza amekuja na nini. Ukarimu unatangulia mazungumzo, na mgeni anapokuja kurudisha wema huo siku nyingine, hakuna anayedhani kwamba analipa bei ya zile punje. Anajibu tu upendo uliotangulia.

Ndivyo ilivyo kwa kibanja pia. Aliyerithi kibanja kilichojaa migomba na mibuni anajua kwamba miche mingi hakuipanda yeye. Babu alichimba, bibi akaweka mbolea na majani, na mjukuu akakuta mikungu inaning'inia. Anafanya kazi, ndiyo, tena kwa bidii, lakini alianza kwa kupokea.

Soma 1 Mambo ya Nyakati 29:9–16. Daudi alikuwa amekusanya dhahabu, fedha, shaba na chuma kwa ajili ya hekalu, na watu walitoa kwa furaha. Je, kwa nini maombi yake hayana hata neno moja la kujisifu?

Daudi alishangaa kwamba yeye na watu wake waliweza kutoa kiasi hicho, kwa kuwa kila walichokileta kilitoka katika mkono wa Mungu mwenyewe. Mfalme anajiona kama mpitaji na mgeni duniani, aliyekabidhiwa mali kwa muda.

Sisi Waadventista wa Tanzania tuna sababu nyingine ya kukumbuka hilo. Ujumbe wetu ulifika Upare mwaka 1903 kwa mikono ya wamisionari waliotoka Ujerumani. Nyuma yao walikuwapo washiriki ambao hawakuwahi kuuona mlima wa Upare wala kusikia Kipare, lakini walitoa. Tangu mwaka 1912, Sadaka ya Sabato ya Kumi na Tatu imeendelea kubeba injili kwenda mahali ambapo watoaji wengi hawatafika kamwe. Kabla hatujaweka kitu katika chombo cha sadaka, tayari tulikuwa tumekula matunda ya sadaka za wengine.

Taja mambo matatu uliyoyapokea ambayo hukuyapanda wala kuyalipia. Je, yanabadilishaje namna unavyoitazama bahasha yako?

JUMATATU

Si Kodi ya Nyarubanja

Wazee wa Kagera wanalikumbuka neno nyarubanja. Ulikuwa utaratibu wa kumiliki ardhi ambao kwa huo watawala, ndugu zao na wapendwa wao walipewa maeneo makubwa, na wakulima waliokuwa humo wakageuka wapangaji. Mpangaji alilima na kupanda, lakini sehemu ya mazao yake, pamoja na nguvu kazi yake, ilimwendea bwana wa ardhi. Asipotimiza, aliweza kukipoteza kibanja alichokilima maisha yake yote. Baada ya uhuru, Bunge lilitunga sheria mwaka 1965 ili kuwakomboa wapangaji hao, na kabla ya muongo huo kwisha nyarubanja ilikuwa imefutwa.

Sheria inaweza kufutwa kwa siku moja, lakini mazoea ya moyo hudumu. Wapo watu wanaorudisha zaka kwa moyo wa mpangaji. Wanamwona Mungu kama bwana wa ardhi anayeishi mbali, anayehitaji mazao yao, na atakayewafukuza wakichelewa. Mtoto akiugua, wanajiuliza kama ni kwa sababu ya zaka ya mwezi uliopita. Wanatoa, lakini hawana furaha. Wanapumua tu kwa kuwa deni limekwisha.

Soma Zaburi 50:7–15. Mungu anasema nini juu ya uhitaji wake? Badala ya nyama ya mafahali, anataka nini?

Bwana wa nyarubanja alihitaji mazao ya mpangaji. Bila hayo asingekuwa tajiri. Mungu hana njaa. Wanyama wa msituni na ng'ombe wa milimani ni wake tayari. Anachotaka ni shukrani, na kwamba tumwite siku ya taabu.

Hata hivyo tusivuke mpaka upande wa pili na kusema kwamba ardhi ni yetu wenyewe. Mambo ya Walawi 25:23 inasema wazi kwamba nchi ni ya Mungu, na Mambo ya Walawi 27:30 inasema zaka ni yake, takatifu kwake. Ndiyo maana tunasema tunarudisha zaka, na sadaka tunaitoa. Mtu hawezi kumzawadia mwenzake kitu ambacho ni cha huyo mwenzake.

Tofauti basi iko wapi, ikiwa pande zote mbili ardhi ni ya mwingine? Tofauti iko katika uhusiano. Mpangaji hulipa ili asifukuzwe. Mwana hurudisha kwa sababu yuko nyumbani. Soma Wagalatia 4:4–7. Mungu mwenye nchi yote alimtuma Mwanawe, akatukomboa na kutufanya wana na warithi. Hakuna mwenye nyarubanja aliyewahi kumtoa mwanawe ili mpangaji wake arithi ardhi pamoja naye. Mungu alifanya hivyo.

Kwa hiyo zaka hainunui haki ya kubaki katika familia ya Mungu. Inakiri kwamba tumo ndani yake, na kwamba Baba ndiye mwenye nyumba.

Je, ungeendelea kumtolea Mungu kama ungekuwa na hakika kwamba hakuna adhabu yoyote kwa asiyetoa? Jibu lako linakuambia nini juu ya namna unavyomfahamu Mungu?

JUMANNE

Tusimfanyie Mungu Butura

Mkulima yeyote wa kahawa mkoani Kagera anaijua butura. Mnunuzi anakuja wakati kahawa ingali maua au punje changa. Anajua kwamba mwenye shamba ana mgonjwa, ana msiba, au hana chakula. Anampa fedha kidogo leo, na wakati wa mavuno anakuja kuchukua magunia yenye thamani kubwa kuliko fedha aliyoitoa. Serikali imeipiga vita biashara hiyo, na viongozi wa vyama vya msingi wameionya mara nyingi, kwa sababu inamfanya mkulima avune shamba ambalo mavuno yake si yake tena.

Tunaichukia butura kwa haki. Lakini siku hizi kuna mahubiri yanayotufundisha kumfanyia Mungu jambo lilelile. Mtu anaambiwa atoe fedha leo, aiite mbegu, kisha adai mavuno makubwa: gari, nyumba, safari, mume. Akitoa kidogo anajiona ana haki ya kupokea kingi, na Mungu anawekwa mahali pa mkulima aliyebanwa, asiye na la kufanya ila kutimiza alilofungwa nalo.

Soma Matendo 8:14–24. Simoni alitaka nini, na Petro aliona shida gani ndani ya moyo wake?

Simoni hakuwa bahili. Alikuwa tayari kutoa fedha. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba karama ya Mungu ina bei. Petro hakumwambia aongeze kiasi, alimwambia atubu.

Sasa soma Malaki 3:6–12. Ahadi ya madirisha ya mbinguni inatolewa kwa watu gani, na kwa sababu ipi?

Fungu hili tunalipenda, na tuna haki ya kulipenda. Lakini tulisome tokea aya ya 6. Kabla ya kusema neno lolote juu ya zaka, Mungu anasema kwamba yeye habadiliki, na ndiyo sababu wana wa Yakobo hawajaangamizwa. Kisha anawasihi wamrudie. Walikuwa hai kwa rehema yake hata wakati walipokuwa wakimwibia. Nehemia 13:10–12 inatuonyesha hali iliyokuwapo zaka ilipozuiwa katika siku za Nehemia: Walawi na waimbaji waliiacha nyumba ya Mungu, kila mtu akaenda shambani kwake kutafuta chakula. Huduma ilikuwa imesimama. Ghala lilipojazwa, ibada ilirudi.

Mungu anaahidi kubariki, naye hutimiza. Anatualika hata tumjaribu. Lakini anatualika kama Baba anayewaita watoto wake warudi wamwamini, bila kufungwa na mkataba. Baraka yake huja kwa namna na kwa wakati anaoujua. Tangu mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko umeshambulia migomba ya Kagera, na haukuchagua kati ya shamba la anayerudisha zaka na la asiyerudisha. Habakuki aliona mwaka wa namna hiyo, mtini bila matunda na zizi bila ng'ombe, na bado aliamua kumfurahia Mungu wa wokovu wake (Habakuki 3:17–18). Mtu wa butura hawezi kuimba wimbo kama huo, kwa kuwa mavuno yakikosekana yeye amepata hasara. Mtoto anaweza, kwa kuwa Baba bado yupo.

Tunawezaje kushuhudia uaminifu wa Mungu kwa watoaji bila kuwafanya wasikilizaji wadhani kwamba baraka zinanunuliwa?

JUMATANO

Kadiri ya Alicho Nacho

Tukae bado na yule mkulima wa butura, safari hii tusimame upande wake. Alipokea fedha kidogo wakati mtoto alipolazwa, na fedha hiyo ilikwisha hospitalini. Sasa ni msimu, magunia yanapakiwa, na hakuna kilichobaki mkononi mwake. Sabato asubuhi mzee wa kanisa anahubiri juu ya malimbuko. Mkulima huyu anainamisha kichwa. Je, Biblia ina neno gani kwake?

Soma Mambo ya Walawi 5:5–13. Sheria ilifanya nini kwa ajili ya mtu asiyeweza kupata mwana-kondoo? Na kwa asiyeweza kupata hata ndege wawili?

Mungu alishusha ngazi mpaka chini kabisa. Asiye na mwana-kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiye na ndege alileta unga kidogo. Na kwa kila mmoja, neno ni lilelile: kuhani atafanya upatanisho kwa ajili yake. Mwenye unga hakupata msamaha wa daraja la pili. Yusufu na Mariamu nao, walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, walitoa sadaka ya ndege, ambayo sheria iliiruhusu kwa wasio na uwezo wa mwana-kondoo (Mambo ya Walawi 12:8, Luka 2:22–24).

Paulo anaieleza kanuni hiyo katika fungu letu la kukariri. Mungu huipokea nia iliyo tayari kwa kupima kile ambacho mtu anacho. Kile ambacho hana hakimo katika hesabu. Zaka nayo hufuata kipimo hichohicho: ni sehemu ya kumi ya ongezeko tulilopata, na asiyepata ongezeko hadaiwi kile ambacho hakukipata. Mkulima wetu anaweza kuja na mkungu mdogo wa ndizi, au na mikono iliyo tayari kufagia kanisa, na Mungu ataona sadaka. Asibaki nyumbani kwa aibu.

Soma Marko 12:38–44. Yesu alisema nini juu ya waandishi kabla ya kumwonyesha mjane?

Tunamsifu mjane na sarafu zake mbili, nasi tunafanya vema. Lakini Yesu alikuwa ametoka kuwakemea viongozi wa dini waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Marko ameziweka habari hizo mbili pamoja. Mjane alitoa yote aliyokuwa nayo, kisha akaondoka. Je, ni nani aliyeuliza atakula nini jioni ile? Kanisa la kwanza lilijifunza kuuliza. Katika Matendo 6:1–6 tunaona wajane wakihudumiwa kila siku, na malalamiko yalipotokea, mitume waliweka watu saba wa kulisimamia jambo hilo.

Musa alikuwa ameagiza vivyo hivyo. Kikapu cha malimbuko tulichokisoma Jumapili kinafuatwa na agizo juu ya zaka ya mwaka wa tatu, ambayo Mlawi, mgeni, yatima na mjane walikula wakashiba (Kumbukumbu la Torati 26:12–15). Na Yesu aliwalaumu wale waliokiita kitu kuwa wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie baba na mama zao (Marko 7:9–13). Altare ya kweli haimnyang'anyi mzazi chakula.

Kanisa linalomhubiria mkulima juu ya malimbuko linapaswa pia kumuuliza aliuza maua kwa nini. Pengine washiriki kumi wangeweka pamoja kidogo kidogo wakati mtoto alipolazwa, mnunuzi wa butura asingepata mlango.

Katika kundi lenu la Shule ya Sabato, ni nani ambaye amekuwa akitoa kwa uaminifu huku hakuna anayejua hali ya nyumbani kwake?

ALHAMISI

Mikono Safi ya Wanaopokea

Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa Sabato. Alasiri, baada ya saa tisa, ardhi ilitikisika Bukoba na wilaya za jirani. Tetemeko lile, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya kumi na tano, likajeruhi mamia, na kubomoa au kupasua maelfu ya nyumba. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya. Usiku ule familia nyingi zililala nje, zikiogopa kuta zilizobaki.

Michango ilikuja kutoka sehemu nyingi za nchi na nje ya nchi: mahindi, mabati, saruji, mablanketi, fedha. Wengi waliotoa hawakuwa na ndugu Kagera. Lakini kabla mwezi huo haujaisha, swali la akaunti gani inapokea fedha za waathirika lilifika mpaka Ikulu, na baadhi ya watumishi wa umma waliondolewa katika nafasi zao. Hatuna kazi ya kuwahukumu hapa. Jambo la kutazama ni namna swali lenyewe lilivyoigusa mioyo ya watu. Pale mashaka yanapoingia, mkono uliokuwa wazi hujikunja, na anayeumia ni yule aliyelala nje.

Soma 1 Wakorintho 16:1–4 na 2 Wakorintho 8:16–21. Paulo alichukua hatua gani katika kusimamia mchango wa watakatifu wa Yerusalemu?

Paulo alikuwa mtume. Angeweza kusema kwamba neno lake latosha. Badala yake aliwataka Wakorintho wenyewe wawachague watu wanaoaminika wa kuupeleka mchango wao. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa. Alisema wazi sababu: hakutaka mtu awe na la kulaumu kuhusu fedha nyingi namna hiyo. Alijali kutenda haki mbele za Bwana, na vilevile mbele ya watu.

Kwa Paulo, kuhesabu fedha kwa uangalifu kulikuwa sehemu ya huduma ya kiroho. Kwa hiyo, mhazini anapoandika stakabadhi, anaabudu. Mashemasi wawili wanapohesabu sadaka pamoja badala ya mmoja peke yake, wanamheshimu Mungu na wanamlinda ndugu yao dhidi ya majaribu na masingizio. Taarifa ya fedha inaposomwa mbele ya washiriki kwa lugha wanayoielewa, hiyo nayo ni sehemu ya sadaka ya juma lile. Anayeuliza maswali kwa upole asihesabiwe kuwa mwasi.

Je, mtoaji afanye nini anapokuwa na mashaka? Njia nyepesi ni kuacha kutoa. Lakini Yesu, aliyewakemea waandishi hadharani, hakumzuia mjane asiweke sarafu zake. Mambo mawili yanasimama pamoja: kumtolea Mungu kwa uaminifu, na kudai uaminifu kwa wanaopokea kwa niaba yake. Anayeacha la kwanza kwa sababu ya la pili amemnyima Mungu kwa kosa la mwanadamu. Anayeacha la pili kwa kisingizio cha la kwanza amemwachia mwizi mlango wazi.

Tuangalie na upande wetu wenyewe. Mathayo 5:23–24 inasema kwamba ukikumbuka mbele ya madhabahu kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako hapo, uende ukapatane naye, kisha urudi uitoe. Sadaka inaweza kusubiri. Ndugu yako asisubiri.

Kanisa lenu linaweza kufanya jambo gani moja, mwezi huu, ili washiriki wawe na imani zaidi na matumizi ya sadaka zao?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma Kutoka 35:20–29 na 36:2–7, Waebrania 13:15–16, 2 Wakorintho 9:6–15.

Wana wa Israeli walioijenga hema ya kukutania walikuwa wametoka utumwani karibuni. Walijua maana ya kufanya kazi chini ya wasimamizi, kwa idadi ya matofali iliyopangwa. Safari hii hakuna aliyewasimamia kwa fimbo. Mungu aliomba kwa kila mtu ambaye moyo wake ulimsukuma. Wanawake walisokota, wanaume walileta vito na ngozi, na kila asubuhi vitu viliongezeka mpaka mafundi wakaacha kazi wakaenda kumwambia Musa kwamba vimezidi. Ndipo tangazo likapita kambini kwamba watu wasilete tena.

Watumwa wa jana walizuiwa kutoa. Hilo ndilo jambo ambalo hofu haiwezi kulizaa, wala tamaa ya kupata mara kumi haiwezi. Mpangaji hulipa mpaka pale kodi inapofika, kisha anasimama. Mtu wa butura hutoa mpaka pale faida inapoonekana. Lakini watu hawa walikuwa wameona bahari ikifunguka, nao wakaendelea kuleta.

Kesho asubuhi, chombo cha sadaka kitakapopita, iwe katika kanisa la Rwamishenye au chini ya mti mahali ambapo jengo halijasimama, kumbuka ni nani aliyetoa kwanza. Mungu alitoa Mwana wake tulipokuwa hatuna kitu cha kumrudishia. Andaa sadaka yako leo, kabla jua halijazama, pamoja na watoto, na mwambie kila mmoja wao kwa nini mnaitoa. Kisha mpelekeeni Bwana kwa furaha.

Maswali ya Kujadili

1. Ni lini mara ya mwisho kanisa lenu lilitangaza kwamba michango imetosha? Ni nini kilichoufanya umati wa Kutoka 36 uwe tofauti na sisi?

2. Katika makanisa mengi ya vijijini washiriki huleta ndizi, maharage, kahawa na kuku. Je, darasa lenu linaviona vitu hivyo kuwa sawa na fedha katika ibada? Tufanye nini ili anayeleta mkungu asijione mdogo kuliko anayeleta bahasha?

3. Fikiria mama aliyekopa kwa riba, na marejesho ni kila Jumatatu. Anataka kurudisha zaka ya biashara yake ndogo sokoni, lakini akifanya hivyo marejesho yatapungua. Mngemshauri nini kutoka katika mafungu ya juma hili? Na baada ya ushauri, darasa lenu lingemsaidia kwa jambo gani la vitendo?

4. Baadhi ya makanisa husoma majina na kiasi alichotoa kila mtu. Linganisha desturi hiyo na Mathayo 6:1–4 na Matendo 5:1–11. Inaleta faida gani, na hatari gani?

5. Katika mifano ya juma hili (kahawa ya mgeni, kodi ya nyarubanja, butura, mchango wa tetemeko), ni upi unaofanana zaidi na namna wewe ulivyokuwa ukitoa? Ungependa Mungu abadilishe nini katika moyo wako kabla ya Sabato ijayo?